Matanga ya Jezi

Mimi huvaa jezi ya taifa juu ya koti, si chini yake. Watu wa huku Winnipeg, ambako nimeishi miaka mingi sasa, huvaa nguo nzuri ndani na koti juu, halafu wanashangaa kwamba nusu ya mwaka imepita na hakuna aliyeiona nguo yao. Upuuzi huo niliukataa katika msimu wangu wa kwanza wa baridi. Nilitafuta jezi kubwa, ya mwanamume mwenye tumbo, ya buluu na mkanda mwekundu, yenye kichwa cha chui kifuani, nikaipitisha juu ya koti langu nene, nikatoka barabarani. Nilivimba kama gunia la mpunga, lakini nilionekana.

Naendesha basi la mjini. Kazini tuna sare, na msimamizi wetu ni mtu wa kufuata sheria, kwa hiyo siku za kazi jezi inakaa ndani na ukosi wake unachungulia kidogo tu shingoni. Siku za mapumziko inapanda juu. Mume wangu, ambaye ni mtu wa Bukavu na anajiona mstaarabu, husimama mbali nami kidogo tukiwa dukani. Watoto wetu, waliozaliwa huku, husimama mbali zaidi. Nawaambia waone haya wanavyotaka, ila siku wakipotea humo dukani watampata mama yao upesi kuliko watoto wa wengine.

Kuna mzee wa kwetu aliyewahi kuniuliza baada ya ibada kama timu inanilipa. Nilimjibu kwamba timu ingekuwa na akili ingenilipa. Mpira wenyewe siujui sana. Nikitazama mechi naweza kukuambia nani kafunga, lakini siwezi kukuambia refa kapuliza kwa nini. Navaa kwa sababu nyingine. Huku ukisema unatoka Kongo, watu wanakunja uso kwa huruma, kana kwamba umewaambia unaumwa. Mimi sitaki huruma ya mtu anayeshuka kituo kinachofuata. Nikivaa jezi nimeshasema kabla sijaulizwa, na nimesema kwa kifua mbele.

Tena nimeona siku ambazo jezi hiyo ilifichwa. Hilo ndilo lililonipa ukaidi huu.

Nilikulia Kindu, upande wa Mikelenge, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba aliijenga polepole kwa mshahara wa reli. Tulikuwa watoto watatu: yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, kisha mimi, kisha mdogo wetu wa kiume. Vita vilipofika mjini mimi nilikuwa bado nasoma. Treni zikasimama. Mji ukawa wa hawa, msitu ukawa wa wale, na sisi tukabaki katikati tukila sombe, yaani kisamvu, bila chumvi. Waliokuwa wanautawala mji walikuwa wanapigana na serikali ya Kinshasa, kwa hiyo kuvaa kitu chenye rangi za taifa kulikuwa kujitafutia maneno. Jezi tulizoziita mayo, ambazo vijana walizivaa kwa mbwembwe Jumapili, ziliingia chini ya magodoro. Jirani yetu mmoja aliigeuza yake ndani nje, akaenda nayo shambani, mishono yote ikionekana. Tulimcheka, kisha tukaacha kucheka, maana hata yeye hakuwa anacheka.

Njaa ilipozidi, baba aliamua kuvuka Lualaba. Ng'ambo, njia ya Kailo, alikuwa na rafiki wa zamani mwenye shamba la mihogo. Alisema atakaa kidogo na kurudi na chakula. Alivuka asubuhi kwa mtumbwi, na mfuko mtupu umekunjwa kwapani. Huko homa ikamkamata na dawa hazikuwapo. Aliyetuletea habari alikuwa mama mmoja muuza mihogo. Aliingia uani kwetu, akatua kikapu chini, akaomba maji, akakaa. Mama yangu alijua kabla yule hajafungua kinywa, kwa sababu kwetu mtu mwenye habari njema huanza kusema tangu mlangoni. Baba alikuwa ameshazikwa hukohuko Kailo.

Sasa inafaa nieleze jambo moja la kwetu. Matanga bila nguo moja hayawi matanga. Mtu akifa, watu wa nyumba yake wanavaa kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja, wakubwa kwa wadogo, wanakaa mkekani pamoja. Mgeni anayetoka barabarani haulizi maswali. Anatazama nguo, anajua huyu ndiye aliyefiwa, anakwenda moja kwa moja kumpa mkono. Nguo hiyo inawatenga na watu wengine kwa siku chache, ili walie na wahudumiwe. Wakati wa baba hatukuipata. Maduka yalikuwa na viberiti na vumbi. Askari walikuwa wamekataza mikusanyiko, kwa hiyo majirani waliingia wawili wawili, wakalia kwa sauti ya chini, wakatoka. Yaya alivaa gauni la kazi. Mdogo wetu hakuwa na shati. Mimi nilimlilia baba yangu nikiwa na sketi ya shule, na kila aliyeingia alitangulia kuuliza ni nani hapa aliyefiwa.

Mama yangu alivumilia hayo mpaka siku ya tatu. Kisha akasimama katikati ya ua, akakunja mkeka.

“Hii haiko matanga,” alisema. “Siku watoto yangu wote watakaa mukeka moja na nguo moja, njo nitasema bwana yangu alikufa. Mbele ya ile siku, baba yenu iko Kailo.”

Tulidhani ni uchungu wa siku ile. Mama hakuwa anatania. Tangu hapo hakuna aliyemsikia akimwita baba marehemu. Mtu akimuuliza habari za mumewe, alijibu kwamba yuko Kailo. Alikataa ibada ya kumkumbuka. Mchungaji alikuja kumsemesha akapewa chai na jibu lilelile. Hakuwa amepungukiwa akili hata kidogo, watu waliojaribu kumdanganya sokoni wanajua. Alikuwa ameliweka jambo kando mpaka lifanywe vizuri, kama alivyofanya kila kitu maishani. Lakini kuliweka kando kulimchosha. Aliishi mjane asiyeruhusiwa kuwa mjane, na sisi tuliona.

Njia zilipofunguliwa, yeye ndiye aliyenisukuma niondoke.

“Wewe uko na mudomo,” aliniambia. “Muntu wa mudomo hawezi kufa njaa kwa watu. Enda.”

Nilikwenda. Nilipitia Bukavu, ambako nilimpata mume, tukapitia kambi nchini Uganda, tukaishia kwenye theluji. Hapo ndipo jambo la mama lilipopinda. Watoto wote, alikuwa amesema. Na mtu mwenye hati ya ukimbizi haruhusiwi kukanyaga nchi aliyoikimbia. Nikangoja uraia. Nilipoupata nilikuwa na mimba, kisha mtoto mchanga, kisha mwingine, kisha vita vikawaka upya mashariki na njia zikawa mbaya. Yaya alizeeka akimtunza mama. Mdogo wetu alioa, akapata watoto. Wote walikuwa pale, tayari, na mkeka ulikuwa unanisubiri mimi peke yangu.

Mwishowe yaya alinipigia simu, bila salamu.

“Mama anazeeka,” alisema. “Jana alianguka ku mulango. Bado anasema baba iko Kailo. Unataka afe vile? Kuya huku tumalize.”

Niliomba likizo kazini siku hiyohiyo. Mama mwenyewe alichagua kikwembe kwenye picha za simu: kizito, buluu iliyoiva, na ndege weupe. Yaya akakiagiza Bukavu. Mimi, kwa upande wangu, nilijaza sanduku zima jezi za taifa. Hizo hazikuwa za matanga. Zilikuwa zawadi, za kila mtu nyumbani, mpaka kichanga cha mdogo wetu. Nilijiona nawapelekea kitu kikubwa. Nilipiga picha ya jezi zote zimetandazwa kitandani nikaituma kwa nusu ya Winnipeg.

Uwanja wa ndege wa Kindu ulinitia adabu. Nilishuka nimevaa chui wangu kifuani, nikatazama huku na huku kumtafuta chui mwingine. Hakuna. Aliyebeba sanduku langu alivaa jezi ya timu ya Uingereza. Mwenye pikipiki alivaa ya Uhispania. Mdogo wangu, damu yangu, alikuja kunipokea amevaa ya Ufaransa, na jina la mchezaji mgongoni.

“Chui iko wapi?” nilimuuliza, kabla sijamkumbatia.

Alicheka mpaka akashika magoti. “Yaya, wewe njo unavaa inchi yetu. Sisi tuko ndani yake. Sasa tuivae tena ya nini?”

Niliudhika kidogo, kisha nikafika uani, nikamwona mama, nikasahau.

Alikuwa amepungua. Mikono yake ilikuwa ileile, migumu, lakini mabega yalikuwa yameingia ndani. Alinishika uso akanigeuza huku na huku kama anayechagua papai.

“Umenona,” alisema. “Vizuri. Kikwembe kikifika tutakaa.”

Kikwembe hakikufika. Lori lililokipakia lilikuwa limezama kwenye tope mahali fulani kabla ya Kasongo, na mvua hazikuwa na nia ya kuacha. Kila yaya alipopiga simu, dereva alisema kesho. Kesho yake alisema kesho. Nilizunguka sokoni nikatafuta kitambaa kingine, nikapata vya rangi nzuri, lakini hakuna duka lililokuwa na cha kutosha nyumba nzima. Nilimwambia mama tuchanganye. Alikataa. Mtu aliyengoja miaka yote hiyo kwa sababu ya nguo moja huwezi kumwambia achanganye.

Likizo yangu ilikuwa inayeyuka. Nilianza kuogopa, naomba niseme wazi. Niliogopa kwamba nitapanda ndege kurudi huku mambo yakiwa yaleyale, na kwamba safari nyingine nitakayoitwa itakuwa ya kumzika yeye, akiwa bado anasema mumewe yuko Kailo.

Ilipofika Jumapili niliamua kufurahisha nyumba. Niligawa zile jezi. Walicheka sana, lakini walizivaa, maana zawadi haikataliwi. Yaya, mdogo wetu na mke wake, watoto wa yaya, watoto wa mdogo wetu, wote chui kifuani. Mdogo wetu aliivua ya Ufaransa huku akiguna. Tungekwenda kanisani kumshukuru Mungu kwa safari yangu, tupige na picha. Mama goti lilikuwa linamsumbua tangu alipoanguka, akasema atabaki nyuma ya nyumba apike maharage. Tukatoka, kundi zima, tukashika njia.

Basi, nilitembea siku ile kama waziri. Watu walisimama kando ya barabara kututazama. Wanaume wawili waliokuwa wanatengeneza baiskeli waliacha kazi, wakavua kofia. Mama mmoja alitua beseni lake chini akashika kifua. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetania, na Mikelenge si mahali pa kukosa utani. Nilijisemea moyoni: hatimaye. Watu wanaiheshimu nchi yao, walikuwa wanahitaji tu kuonyeshwa. Nilimgusa mdogo wangu kwa kiwiko. “Unaona?” Tulipopita kwa jirani yetu, mama Mwislamu anayeuza mikate, ambaye amekaa karibu nasi tangu kabla ya vita, nilimpungia mkono kwa tabasamu pana. Alinitazama kwa namna ya ajabu, akaingia ndani mbio.

Ibada ilikuwa ndefu na nzuri. Wakati wa kurudi, tulipokata kona ya mwisho, tulisikia kilio.

“Kilio iko kwa nani?” yaya aliuliza.

Mdogo wetu alisimama kusikiliza. “Iko kwetu,” alisema.

Sijui nani alianza kukimbia. Najua nilipoteza kiatu kimoja na sikurudi kukiokota. Ua wetu ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wanafunga turubai kwenye mapaa. Kuni zilikuwa zimerundikwa penye ukuta, mikeka imetandikwa, wanawake wameketi, wengine wamejitupa chini. Mama, nikawaza. Mama amekufa nikiwa naimba kanisani. Amekufa akingoja. Nikaanguka kwa magoti palepale langoni, na wote waliokuwa nyuma yangu wakaanza kulia.

Na katikati ya wanawake wale, kichwa kimefunikwa kwa kanga, alikuwa mmoja aliyelia kupita wote. Muuza mikate alikuwa amemkumbatia, anamtuliza. Yule aliposikia sauti zetu aliinua uso, kanga ikaanguka. Alikuwa mama yangu.

Alipiga ukelele. Muuza mikate akamtazama aliyemkumbatia, akapiga ukelele mkubwa zaidi, akamsukuma. Nusu ya ua ilisimama, na mtu mmoja aliyekuwa juu ya paa na kamba ya turubai mkononi alishuka kwa njia ambayo hakuipanga.

Ilichukua muda kueleweshana, maana wote tulisema kwa wakati mmoja. Muuza mikate ndiye aliyeanzisha, na alijitetea kwa hasira.

“Mulitaka nifikiri nini? Mutoto wa Ulaya anarudi, na wale wa Ulaya wanarudi tu kwa kilio. Halafu ninaona watoto wote, wote, nguo moja, wanapita. Mama yao haiko katikati. Quartier muzima, mutaa yote, tunajua maneno ya huyu mama, ya nguo moja. Nikasema, basi, njo amekufa, na watoto walificha!”

Alikuwa amezunguka mtaa mzima kutoa habari. Na mama je? Mama alikuwa nyuma, anageuza maharage, akasikia watu wanaingia uani kwake wanalia. Kwetu hakuna anayeuliza kwanza. Unalia, kisha unauliza. Alijua jambo moja tu, kwamba kilio kikija nyumbani kwako ni cha mtu wako, na watu wake wote walikuwa njiani. Akajifunika kanga akaingia katikati ya waliaji, anatulilia sisi, na wao wanamlilia yeye, bega kwa bega.

Kicheko kilianza kwa yule aliyeanguka kutoka paani. Kikaenea. Tulicheka mpaka watu wakashikana ili wasianguke. Mama hakucheka. Alikuwa anapita kwetu mmoja mmoja, anatugusa vichwa.

Kisha watu wakaanza kuona haya. Wanawake wakainuka, wakakunguta nguo, wakaanza kukunja mikeka. Mwanamume mmoja aliinama kubeba kuni zake.

“Acha kuni,” mama alimwambia. “Kuni ya kilio hairudi.”

Ni kweli, hairudi. Kuni ukishazitua mahali pa msiba huwezi kuzirudisha kwako, utakuwa umebeba msiba kwenda nao nyumbani. Yule bwana alizitua haraka kama zimemchoma. Mama akarudi nyuma hatua chache, akatutazama tena, safari hii si vichwa. Alitazama nguo. Alianza kwa yaya, akaja kwangu, akaenda kwa mdogo wetu, akashuka kwa watoto, mpaka kichanga kilichokuwa mgongoni kwa mama yake, nacho kimevalishwa chui.

“Mukae,” alisema.

Mimi ndiye niliyeelewa wa kwanza, na mimi ndiye niliyepinga. “Mama, hapana. Hii ni mayo ya mupira. Tulivaa kwa furaha. Kikwembe yako iko njiani.”

“Iko nguo moja ao haiko nguo moja?”

“Iko, lakini, mama...”

“Watoto yangu wote wako hapa?”

“Wako.”

“Basi mukae chini.”

Tulikaa. Muuza mikate, bila kuambiwa, aliukunjua upya mkeka wake mkubwa akautandika katikati. Nilikaa kati ya yaya na mdogo wangu, kiatu kimoja mguuni. Mama alikaa mwisho, taratibu kwa sababu ya goti, akanyoosha miguu mbele yake kama wajane wanavyokaa. Aliwatazama watu wote wale waliokuja kwa ajili yake.

“Bwana yangu alikufa,” alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu akalia, na kilio kile hakikufanana na cha kwanza. Cha kwanza kilikuwa cha hofu. Hiki kilikuwa cha mwanamke aliyefiwa na mumewe asubuhi ileile. Yaya alilia akiwa amefunga macho. Mdogo wetu, mwenye mzaha kwa kila jambo, alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama, mtu mwenye ndevu na watoto. Mimi nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilimlilia baba, mfuko mtupu kwapani, anavuka. Sikuwahi kumlilia hivyo. Wakati ule wa vita nililia nusu tu.

Tulikaa siku zote zinazotakiwa. Majirani walipika, maharage ya mama yakawa ya kwanza kuliwa. Jezi hatukuzivua ila kulala. Ziliingia moshi, ziliingia mafuta ya mawese, chui wangu wa Winnipeg akawa mweusi masikioni. Siku ya pili mtu nisiyemjua, mpita njia aliyekuwa anatoka upande wa Tunda na pikipiki iliyojaa mpunga, alisimama barabarani aliposikia nyimbo. Akaingia uani. Hakuuliza mtu yeyote neno. Alitutazama, akaja moja kwa moja kwetu mkekani, akatupa mkono mmoja mmoja, akaanza na mama. “Pole, mama. Poleni, watoto.” Kisha akaondoka na mpunga wake. Mama alimfuata kwa macho mpaka akapotea, na nilimwona akivuta pumzi ndefu.

Siku ya kuvunja matanga tulikwenda Lualaba kunawa, kisha ngoma ikapigwa. Lori likafika kesho yake, kama kawaida ya malori. Yaya alikibeba kile kikwembe mpaka kwa mama akaogopa kukifungua. Mama alikipapasa, akasema ni kizuri, na kwamba mwaka huu kuna harusi ya binti wa yaya, hakitakosa kazi.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimkuta anamenya mihogo. Nilikaa karibu naye nikaanza kumwahidi: nitarudi mwakani, nitaleta watoto, nitapiga simu kila siku. Aliniacha nimalize.

“Rudi kama unapenda,” alisema. “Usirudi sababu yangu. Mimi na wewe tulimaliza vizuri.” Akanipa kipande cha muhogo mbichi nitafune, kama nilipokuwa mtoto, akaendelea kumenya.

Ndani ya ndege ya kwenda Goma nilikaa karibu na mwanamke mfanyabiashara, mchangamfu, mwenye vifurushi miguuni. Alipoona jezi alipiga kofi.

“Yaya, timu ilishinda?”

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, maana mzaha ninao siku zote. Nikafungua kinywa, machozi yakanishuka mbele ya mtu nisiyemjua. Alishtuka, akanishika mkono.

“Pole. Umefiwa?”

“Ndiyo.”

“Na nani?”

“Baba yangu.”

“Ai, pole sana, yaya. Lini?”

“Jumapili,” nilimwambia.